Kaseti ya 1995 na Kumbukumbu Tunayoiacha Ipotee

Muhula uliopita niliwauliza wanafunzi wangu swali jepesi: albamu ya kwanza ya Joseph Mbilinyi, maarufu kwa jina la Sugu, inaitwaje? Wengi walimfahamu kama Mbunge wa Mbeya Mjini, kiti alichokishika kuanzia 2010 hadi 2020. Wachache walitaja Ndani ya Bongo ya mwaka 1996. Hakuna aliyeitaja Ni Mimi, iliyotoka 1995, alipokuwa bado akijulikana kwa jina la 2-Proud.

Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe nilikwisha kuisahau mpaka nilipokwenda Uchindile kumjulia hali mjomba wangu. Reli ya TAZARA, ikiliacha bonde la Kilombero pale Mlimba, hupanda milima kuelekea Makambako na hatimaye Mbeya. Kwa reli hiyo walisafiri wauza mchele, vibarua na kaseti. Katika sanduku la mjomba niliikuta moja, imeandikwa kwa kalamu: Ni Mimi. Nilipoicheza, ilitoka kwaya ya kanisani. Mtu aliirekodi juu yake.

"Mwanangu," mjomba aliniambia, "kaseti tupu zilikuwa ghali. Tulifuta cha jana tupate cha leo."

Kauli hiyo imenifikirisha sana. Nakala ile ilikuwa imedurufiwa, na mwenye jasho lake hakupata hata senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, miaka minne baada ya albamu kutoka. Hata hivyo, udurufu huohuo uliomnyima msanii haki yake ndio uliomfikishia msikilizaji wa Uchindile sauti yake. Hatuwezi kuusifu wizi. Lakini hatuwezi pia kujidai kwamba dola au soko rasmi lingeifikisha kaseti ile huko.

Wapo watakaosema kwamba kazi iliyosahauliwa ilistahili kusahauliwa. Kwamba albamu ya mwanzo ni mazoezi tu, na kilicho bora hudumu. Sikubaliani nao. Kaseti hudumu ikiwa kuna anayeitunza, na ubora wa kilichomo hauizuii kushika ukungu. Bendi za muziki wa dansi zilirekodiwa na Redio Tanzania, hivyo tunajua pa kwenda kuuliza. Kijana aliyejitegemea katika miaka ya tisini hakuwa na taasisi ya kumtunzia kumbukumbu.

Na mwaka wenyewe si wa kawaida. Oktoba 1995 tulipiga kura katika uchaguzi mkuu wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe mwaka 1992. Mtafiti wa kipindi hicho atapata ilani za vyama, hotuba na magazeti. Atawasikia wazee wakizungumza juu ya vijana. Vijana wenyewe atawasikia wapi? Wengi wao hawakuandika makala. Walirekodi kaseti. Miaka kumi na mitano baadaye, mmoja wao aliapishwa bungeni. Anayetaka kuielewa safari hiyo hawezi kuanzia katikati.

Kwa hiyo nina mapendekezo machache. Wanafunzi, mnaporudi nyumbani likizo, fungueni masanduku ya wajomba na shangazi zenu, mwandike kilichomo na kilichofutwa. Maafisa utamaduni wa halmashauri, orodhesheni kaseti zilizobaki kama mnavyoorodhesha ngoma za asili. Maktaba za vyuo vyetu ziwe na chumba cha sauti, zihamishie kaseti hizo kwenye mfumo wa kidijitali kwa idhini na malipo ya wenye haki, ili tusirudie dhuluma ya mwanzo kwa jina la utafiti.

Mjomba alifuta kwa sababu ya umaskini, na simlaumu. Sisi wenye ofisi, bajeti na kompyuta tutatoa sababu gani?