Risala ya Walimu wa Watoto kwa Mchungaji na Baraza la Wazee wa Usharika

Mheshimiwa Mchungaji Kiongozi, waheshimiwa wazee wa kanisa, wajumbe wa kamati ya fedha na kamati ya majengo, na wazazi mliofika,

Sisi walimu wa shule ya Jumapili tunaleta risala hii mbele yenu kwa heshima. Tunaileta kwa maandishi kwa sababu mambo haya tumeyasema kwa mdomo mara nyingi na yameishia pale pale tulipoyasemea. Walimu tuko 5. Watoto wanaofika kila Jumapili ni kati ya 100 na 120, wa miaka 4 hadi 12, na baada ya umri huo wanaingia darasa la Kipaimara.

Kilichotusukuma kuandika ni safina.

Kwa wiki 8 watoto walijenga safina ya Nuhu katika chumba cha nyuma ya kanisa. Maboksi waliyaomba wenyewe kwa wenye maduka. Gundi tulipika kwa unga wa muhogo. Wanyama waliwafinyanga kwa udongo wa bondeni, wakawakausha juani, wakawapaka chokaa na masizi. Kisha wikiendi ya harambee ikaja, chumba kikahitajika kuweka viti vya wageni, na Ijumaa jioni safina ikatolewa nje na kuchomwa pamoja na takataka. Hakuna mwalimu aliyeambiwa. Jumapili asubuhi tulifika na watoto tukakuta majivu. Binti mmoja wa miaka 6 alikuwa amemchukua twiga wake nyumbani kwa sababu shingo ilivunjika na alitaka kumtengeneza. Akaja naye amemfunga kwenye kitenge cha mama yake, akatuuliza amweke wapi.

Tulipolalamika tulijibiwa kwamba yalikuwa makaratasi ya watoto, watatengeneza mengine. Waheshimiwa, jibu hilo ndilo linalotuuma kuliko moto wenyewe, kwa kuwa linaonyesha mnavyoiona kazi yetu: kwamba tupo ili watoto wasiwapigie kelele watu wazima ibadani. Tunaomba mtuvumilie tueleze kilichofundishwa mle.

Mwanzo sura ya 6 inasema safina ilikuwa na urefu wa mikono 300, upana 50 na kimo 30. Mtoto akisomewa hesabu hiyo, inapita sikioni na kutoka. Sisi tulikwenda kwa jirani yetu, mzee wa Kiislamu ambaye ni fundi wa mashua, tukamwomba atupimie kamba ya mikono 30 kwa mkono wake, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Tukaenda nayo uwanja wa mpira. Watoto wakailaza kamba mara moja, mara mbili, mara tatu, wanahesabu kwa sauti. Kabla ya mara ya kumi walikuwa wameshalipita goli la pili na kuingia kwenye shamba la mihogo. Wakakaa kimya. Kisha kijana mmoja akauliza Nuhu alizipata wapi mbao zote hizo, na mwingine akataka kujua majirani walimsema nini walipomwona akijenga chombo kikubwa hivyo mahali pasipo na bahari. Mahubiri mazima yalikuwa ndani ya maswali hayo mawili, na sisi walimu hatukuwa tumefungua kinywa.

Mzee yule yule alitufundisha jambo ambalo sisi wenyewe hatukulijua. Tulikuwa tunasoma habari za Musa katika Biblia ya Muungano, ile iliyokamilika mwaka 1952 na ambayo wengi wetu tumekua nayo. Imeandikwa kwamba mama yake alikipaka kisafina sifa na lami. Miaka yote tumelisoma neno hilo bila kuelewa, na watoto walidhani mama Musa alikuwa anaimba sifa huku akisuka. Fundi akacheka, akatuletea kopo lenye mafuta mazito yenye harufu kali. Sifa ni mafuta ya papa ambayo mafundi hupaka mbao za chombo zisinywe maji. Watoto wakasuka visafina vya ukindu, wakapaka ndani lami kidogo aliyotupa, wakavijaribu kwenye beseni. Vilivyopakwa vizuri vilielea. Vingine vilizama, na waliovisuka wakarudi kuvipaka upya bila kuambiwa. Darasa lilinuka papa kwa siku tatu, na kwa hilo tulikaripiwa. Lakini waulizeni watoto wale leo mama Musa alifanya nini. Watawaeleza mpaka vidole vyake.

Tuna mtoto asiyesikia. Kwa mwaka mzima alikaa nyuma akichora ardhini kwa kijiti, kwani masomo yalikuwa ya kusikiliza na kurudia. Tulipofika Luka sura ya 19 tuliigiza habari ya Zakayo chini ya mwembe, maana mkuyu hatuna karibu. Tulimpa yeye nafasi ya Zakayo kwa kuwa ni mfupi na anajua kupanda. Wenzake wakamzunguka Yesu, wakamzibia njia kama makutano yalivyofanya. Akapanda. Aliyeigiza Yesu akasimama chini ya tawi, akamtazama, akamwashiria kwa mkono ashuke. Akashuka kwa haraka, akamshika mwenzake mkono, akaanza kumvuta kuelekea ng'ambo ya barabara, nyumbani kwao. Tukamfuata sote. Mama yake alikuwa anafua. Akatupa maji ya kunywa, watoto 30 na kitu, akikisuuza kikombe kimoja tena na tena. Mama huyo sasa anakuja ibadani, na mwanawe ndiye anayemkumbusha.

Tunajua hoja inayotolewa kwenye vikao: mtoto aje kanisani kusikia Neno, si kuchezea udongo. Waheshimiwa, tunajibu kwa Neno lenyewe. Katika Ezekieli sura ya 4 nabii anaagizwa kutwaa tofali, kuchora mji wa Yerusalemu juu yake, kuuzingira kwa boma, na kusimamisha kikaango cha chuma kiwe ukuta. Yeremia hakuambiwa asikilize habari za mfinyanzi, aliambiwa ashuke nyumbani kwake, na huko akamwona akifanya kazi kwa gurudumu. Na Pasaka je? Waisraeli walipewa somo la kula: mkate usiotiwa chachu, mboga chungu, viatu miguuni, fimbo mkononi. Sisi tuliwachemshia watoto mchunga bila nazi wala chumvi. Walikunja nyuso, na mmoja aliyekuwa amevaa ndala akauliza kama angeruhusiwa kuondoka Misri nazo. Katika Kutoka sura ya 12 Mungu anatarajia hasa jambo hilo, kwamba watoto watauliza ibada hii ina maana gani.

Na kwa kuwa sisi ni Walutheri, turuhusuni kuongeza hili. Wazee kadhaa wametuambia tuachane na michezo tukazanie Katekisimu Ndogo. Katekisimu tunaipenda na tunaifundisha. Lakini Martin Luther aliyeitoa mwaka 1529 ndiye pia aliyetoa mwaka huo huo kitabu cha sala chenye picha zipatazo 50 zilizochongwa kwenye mbao, zikisimulia Biblia tangu uumbaji, na akaeleza kwamba amezitia kwa ajili ya watoto na watu wa kawaida kwa sababu wao hukumbuka zaidi kwa picha kuliko kwa maneno matupu. Tunachofanya kwa udongo na ukindu hatukukileta sisi katika kanisa hili.

Sasa tunaleta malalamiko yetu mengine, na tutayapitia upesi kwa kuwa mnayafahamu.

Chumba cha watoto kimegeuka ghala. Kuna viti vya plastiki, spika mbovu, mapambo ya harusi na majoho ya kwaya. Mvua ikinyesha watoto wadogo hubanwa kwenye kibaraza, na masomo huahirishwa. Mkasi, karatasi, rangi na gundi tunanunua kwa fedha zetu, na wawili kati yetu hawana ajira. Wakati huo huo watoto hutoa sadaka yao kila Jumapili, sarafu walizopewa na wazazi, na sadaka hiyo huingia kwenye kapu kuu. Tangu chumba kichukuliwe hatujaona hata shilingi moja ikirudi kwao.

Tunafundisha wakati wa ibada kuu, kila wiki, bila zamu. Mwalimu mmoja ana miezi 5 hajashiriki Chakula cha Bwana, kwa kuwa kengele inapogonga yeye yuko chini ya mwembe anafunga kamba za viatu.

Lipo la kiboko. Msaidizi aliyeletwa kutunza nidhamu hutembea na fimbo kati ya watoto. Hatukumwomba. Mtoto aliyeinamia kazi ya mikono yake hahitaji kuchapwa ili atulie, na aliyechapwa nyumbani mwa Mungu atakumbuka fimbo kuliko somo. Katika jambo hili hatuko tayari kusubiri kikao kijacho. Tunaomba fimbo iondoke leo.

Kisha kuna Sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Kila mwaka, mwishoni mwa Septemba, usharika unakumbuka kwamba una watoto. Kuanzia Julai tunaagizwa kuacha masomo na kuwakaririsha ngonjera na mistari, ili siku hiyo wapendeze, wazazi wasimame kuwatuza, na wiki inayofuata warudi chini ya mwembe. Wapo waliofika darasa la Kipaimara wakiwa na mistari 20 kichwani, ukiwauliza nani alisema maneno hayo na alikuwa anazungumza na nani, wanakutazama tu.

Na sisi tuna makosa yetu, hatutayaficha. Mwezi wa tatu mtoto alijikata kidole kwa mkasi wa watu wazima, kwa sababu mwalimu alikuwa peke yake na watoto 40. Tulimpeleka zahanati, tukaenda kwa wazazi wake kuomba radhi. Mara mbili tuliacha sakafu na matope, na mama anayefanya usafi akabeba mzigo usio wake. Kwake pia tunaomba radhi mbele yenu.

Kwa hiyo tunaomba na kudai yafuatayo. Chumba cha nyuma kirudishwe kwa watoto, kiandikwe hivyo kwenye kumbukumbu za baraza, na kisitolewe tena kwa harusi wala harambee bila walimu kuarifiwa wiki mbili kabla. Kiwekwe kabati lenye kufuli na rafu ya kazi zao, kwani kitu ambacho mtoto amekitengeneza kwa ajili ya Mungu hakistahili kulala sakafuni. Sadaka ya watoto itengwe kwa masomo yao, na sisi tutatoa hesabu kila mwezi kwa mtunza hazina, risiti kwa risiti. Hatuombi vitu vya ghali: mikasi isiyo na ncha, karatasi, rangi za maji, nyuzi. Udongo, ukindu, magunzi na vifuniko vya chupa tutaendelea kuvitafuta wenyewe, kwa kuwa watoto wanapenda kuvitafuta.

Tunadai walimu waongezwe wafike angalau 10, ili watoto wasibaki kamwe na mtu mzima mmoja peke yake. Hilo ni kwa usalama wao na wetu. Wazee wawili kati yenu waingie kwenye zamu hiyo. Hamtalazimika kufundisha. Mkae tu na watoto, msuke nao. Mwenzetu mmoja apelekwe kujifunza lugha ya alama kwa gharama ya usharika, kwa maana yule Zakayo wetu hapaswi kusubiri igizo jingine ndipo aelewe. Na siku ya Mikaeli na Watoto mwaka huu, badala ya ngonjera, watoto wapewe nafasi ya kuwaonyesha wazazi kazi zao na kuwasimulia wenyewe, kila mmoja kwa maneno yake, hata kama atagugumiza.

Kuhusu safina hatudai fidia. Tunaomba Mchungaji au mzee mmoja aje awaambie watoto kwamba ilikuwa kosa kuichoma. Watakubali. Watoto husamehe upesi, ila wanahitaji kuombwa.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya wiki tatu. Mpaka hapo tutaendelea kufundisha kama kawaida chini ya mwembe, ila mazoezi ya ngonjera hatutayaanza. Jumapili ijayo somo letu ni Yoshua sura ya 4, pale Waisraeli walipotwaa mawe 12 katikati ya Yordani na kuyasimamisha ili watoto wao watakapouliza maana yake wasimuliwe. Kila mtoto ataleta jiwe moja kutoka kwao. Mawe hayo tutayapanga mbele ya mlango wa chumba cha nyuma, pembeni, yasimzuie mtu kupita. Tunaomba yasiondolewe.

Ni sisi katika kazi ya Bwana,
Walimu wa Watoto wa Usharika