Kura 96, Kura 78, na Kiti Kisichopigiwa Kura

Haya wadau, nimerudi. Najua nilipotea kama wiki mbili hivi, lawama ziende kwa majaribio na kazi za vikundi. Leo sina stori za kafeteria wala za foleni ya maji hosteli. Nina hasira kidogo, na nimeona bora niiteme hapa kibarazani kuliko kulala nayo.

Ilikuwa hivi. Kwenye somo la uongozi na utawala wa elimu tulipewa kazi ya kikundi: mchagueni mtu aliyewahi kuongoza chuo kikuu popote duniani, mweleze alifikaje pale, na sisi walimu watarajiwa tunajifunza nini kwake. Kikundi chetu tuko 8. Tukamchagua Sylvia Mathews Burwell, Mmarekani, mwanamke wa kwanza kuongoza American University ya jijini Washington, kuanzia 2017 hadi 2024. Mpaka hapo safi kabisa. Ugomvi ulianza kwenye hitimisho. Wenzangu wameandika kwamba maisha yake ya kazi yanaonyesha serikali na hisani za makampuni ni "ngazi moja ya kuwatumikia watu". Mimi nikagoma kuweka jina langu chini ya sentensi hiyo. Nimeitwa mjuaji, nimeitwa mpinzani, kuna mmoja kasema eti nina wivu. Sawa. Ila nisikilizeni kwanza.

Kwanza tumtendee haki mama wa watu. Alizaliwa 1965 katika mji mdogo wa Hinton, jimbo la West Virginia. Mama yake alikuwa mwalimu (mwenzetu jamani!) na baadaye akawa meya wa mji huohuo. Akasoma Harvard, akasoma Oxford. Miaka ya 1990 alikuwa kwenye serikali ya Clinton: wizara ya fedha, Ikulu, kisha naibu mkurugenzi wa ofisi ya bajeti. Clinton alipoondoka 2001 akahamia Taasisi ya Bill na Melinda Gates, akakaa miaka 10. Januari 2012 akawa rais wa taasisi ya hisani ya Walmart, ile kampuni kubwa ya maduka. Aprili 2013 Obama akamrudisha serikalini kuwa mkurugenzi wa bajeti, na Juni 2014 akawa waziri wa afya na huduma za jamii mpaka Januari 2017. Ndipo akaenda kuongoza chuo. Kichwa anacho na kazi anaijua. Mi sina kesi naye. Kesi yangu ni na hayo maneno mawili, "ngazi moja".

Hebu tuangalie namba. Alipoteuliwa mkurugenzi wa bajeti mwaka 2013, Seneti ilimpigia kura 96, hakuna aliyempinga. Alipoteuliwa waziri mwaka 2014 alipata 78, na 17 walimkataa. Watu 17 walisema hapana hadharani na majina yao yamo kwenye kumbukumbu. Sasa niambieni wadau, kile kiti cha Walmart katikati hapo, nani alipiga kura? Wakati ule kampuni ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya milioni 2 duniani. Hata mmoja wao hakuulizwa. Wateja hawakuulizwa. Wanaopewa msaada ndio kabisaaa, wao kazi yao ni kusema asante.

Tuendelee. Alipokuwa waziri, jina lake liliingia kwenye kesi mbili kubwa za Mahakama Kuu ya Marekani. Ya kwanza ni Burwell dhidi ya Hobby Lobby. Kampuni ya familia ya Wakristo ilikataa kugharamia baadhi ya njia za uzazi wa mpango kwenye bima ya wafanyakazi wake. Tarehe 30 Juni 2014 wizara ikashindwa, majaji 5 kwa 4. Ya pili ni King dhidi ya Burwell, iliyohusu ruzuku za bima ya afya, na Juni 2015 wizara ikashinda 6 kwa 3. Sizungumzii nani alikuwa sahihi, hapo tutakesha. Ninachosema ni kwamba kwenye kiti cha waziri, mwananchi asiyekubali uamuzi wako anaweza kukuburuta mpaka mahakama ya juu kabisa, na wewe unalazimika kujibu. Kwenye kiti cha hisani, mwananchi aliyenyimwa msaada anakushtaki wapi? Kwa kosa gani? Hela ni ya kampuni, inampa inayemtaka.

Sasa njooni kwenye sehemu iliyoninyima usingizi. Mwaka 2010 Walmart ilitangaza kwamba ingetoa dola bilioni 2, za fedha na vyakula, kupambana na njaa Marekani mpaka 2015. Makofi! Halafu Novemba 2013, kwenye duka lao moja mji wa Canton, jimbo la Ohio, yakaonekana mapipa ya kukusanyia michango ya chakula. Chakula cha nani? Cha wafanyakazi wenzao wa Walmart wenye shida, ili nao wale vizuri sikukuu ya Shukrani. Burwell wakati huo alishaondoka, kwa hiyo simtwishi mzigo huo. Lakini oneni picha yenyewe: kampuni inapambana na njaa ya taifa zima, na mtu anayepanga bidhaa kwenye rafu zake anachangiwa makopo ya chakula.

Kuna zaidi. Mwaka 2020 ofisi ya Bunge la Marekani inayokagua matumizi ya serikali ilitoa ripoti kuhusu watu wanaofanya kazi na bado wanaishi kwa msaada wa chakula wa serikali na bima ya Medicaid, ile ya watu wa kipato cha chini. Kwenye majimbo iliyoyachunguza, Walmart ilikuwa miongoni mwa waajiri wakubwa wa watu hao. Na Medicaid iko chini ya wizara gani? Wizara ya afya na huduma za jamii, ileile aliyokuja kuiongoza Burwell! Kiti kimoja kinagawa zawadi yenye nembo ya Walmart. Kiti kingine kinatoa kodi ya wananchi kumtibu mfanyakazi ambaye mshahara wa Walmart haumtoshi. Zawadi inapigwa picha, ile kodi haipigwi picha. Halafu mnaniambia ni ngazi moja?

Mmoja wetu kwenye kikundi akanirushia methali: kutoa ni moyo, si utajiri. Nikamjibu, sawa, lakini mshahara si kutoa. Mshahara ni deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Mkiona haya ni mambo ya Wamarekani, basi tuje karibu. Mnalikumbuka Game, lile duka kubwa lililokuwa Mlimani City? Lilikuwa la Massmart ya Afrika Kusini, na mwaka 2011 Walmart ilinunua asilimia 51 ya Massmart. Kabla ya hapo Massmart ilikuwa imewapunguza wafanyakazi 503. Mawaziri watatu wa Afrika Kusini wakaenda mahakamani kupinga masharti ya mauzo yale, chama cha wafanyakazi nacho kikaenda. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ya Ushindani haikuzuia mauzo, ila iliamuru wale 503 warudishwe kazini. Mwaka huohuo Burwell alikuwa anaongoza taasisi ya hisani ya Walmart. Waliorudi kazini walirudishwa na serikali iliyoshtaki, chama kilichobisha na majaji walioamua. Hakuna fomu ya kuomba ufadhili ambayo ingewarudisha.

Najua mtakachosema. Mtasema hisani inaokoa watu, na ni kweli. Taasisi ya Gates ilitoa dola milioni 750 kuianzisha Gavi, iliyozinduliwa mwaka 2000, na watoto wengi wa Tanzania wamechanjwa kwa msaada wa Gavi. Sitamwambia mama yeyote akatae chanjo kwa sababu ya falsafa zangu za hosteli. Ila fedha nyingi za hiyo Gavi siku hizi zinatoka kwa serikali, yaani kwenye kodi za watu. Mtasema pia serikali nazo zinakosea. Tena sana! Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungwa siku 16 kwa sababu ya ugomvi wa bajeti, watumishi kama 800,000 wakaambiwa wakae nyumbani, na waraka wa kuanza kufunga ofisi ulisainiwa na huyohuyo Burwell. Lakini aliusaini kwa sababu Bunge halikupitisha fedha, na wabunge wale wana tarehe ya uchaguzi. Kampuni ikiamka asubuhi ikafunga mfuko wake wa hisani, uchaguzi wake ni lini?

Kwa nini nalichukulia hili kibinafsi? Kwa sababu ya TP ya mwaka jana. Shule niliyopangiwa ina madawati yaliyotolewa na kampuni moja, siitaji. Kila dawati lina nembo ya kampuni, kubwa kuliko daftari. Siku ya kukabidhi nyongeza ya madawati hayo wanafunzi walisimama juani vipindi viwili wakiimba, wakubwa wakapiga picha, wakaondoka. Kesho yake Form Two hawakuwa na hisabati, kwa sababu mwalimu wa hisabati ni mmoja kwa shule nzima. Nikajiuliza mbona hakuna anayekuja na msafara kutoa mwalimu wa hisabati. Jibu ni rahisi: mwalimu ni mshahara wa kila mwezi kwa miaka 30, na huwezi kumchora nembo mgongoni.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nafundisha Uraia, mada ya serikali na wajibu wake. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwani serikali si ndio hawa waliotuletea madawati?" Darasa likacheka. Mi sikucheka. Nilibabaika, nikasema tutalijadili kipindi kijacho, na kipindi kijacho hakikuwepo maana TP iliisha. Yule mtoto alichanganya vitu viwili ambavyo kikundi chetu cha watu 8 wa chuo kikuu kimevichanganya pia, tofauti ni kwamba yeye aliuliza.

Mwisho kabisa, kuhusu hicho chuo chenyewe. Agosti 2022 wafanyakazi wa American University waligoma wakidai mishahara. Kwenye sherehe ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, Burwell alipohutubia, wanafunzi kadhaa waliinuka wakatoka nje kuwaunga mkono. Hatimaye makubaliano yakapatikana. Kama kikundi chetu kinatafuta funzo la uongozi wa elimu, mi naona hapo ndipo lilipo. Lakini kwenye kurasa zetu 14 tukio hilo halimo hata kwa sentensi moja, na nililipendekeza mara mbili.

Prezentesheni ni Alhamisi, alama 15. Nisiposaini napata sifuri. Nimewaambia wenzangu nitasaini kwa sharti moja: "ngazi moja" itoke, na hoja yangu iingie hata kwa aya moja. Mpaka naandika hapa, watatu wamekubali, wanne bado wamenuna.

Naomba kuwasilisha. Wenye mawe rusheni, ila mje na hoja.