Kitambaa cha kochi kinaanza kuharibika kwenye salfeti

Ndugu mkulima wa pamba, na wewe mfanyabiashara unayezunguka vijijini na mizani, leo nataka tuzungumze kuhusu makochi. Najua mtasema bwana shamba kaishiwa na mada. Nivumilieni kidogo, maana suala hili linaingia moja kwa moja kwenye mfuko wenu.

Kochi likitoka kwa fundi lina mbao, sponji na kitambaa. Kinachoonekana na kuguswa kila siku ni kitambaa, na siku hizi watengenezaji wa vitambaa hivyo wanaulizwa maswali ambayo zamani hayakuwapo. Kimetokana na nini? Kililimwaje? Kitadumu miaka mingapi kabla ya kutupwa jalalani? Pamba ingefaa kushinda hapo. Haileti joto, inafuliwa, na mwisho wa maisha yake inaoza. Mshindani wake mkubwa ni polista, ambayo hutokana na mafuta ya petroli. Lakini tusijidanganye: polista ni rahisi, haichakai haraka, na kila robota lake linafanana na lile la jana. Kiwanda kinapenda sana mali isiyobadilikabadilika, na sisi ndipo tunaposhindwa.

Tunashindwa kwa sababu ya salfeti. Mfuko wa salfeti umefumwa kwa vipande vyembamba vya plastiki. Ukikaa juani wiki chache, plastiki inakauka na kuanza kunyofoka. Unachuma pamba unatia humo, unashindilia kwa mguu, unaburuza hadi nyumbani, unamimina, unarudisha tena. Kila mara nyuzi chache zinabaki kwenye pamba. Ni nyeupe kama pamba yenyewe, kwa hiyo wewe huzioni, na karani haoni. Kiwandani mashine ya kuchambulia inatenganisha mbegu na nyuzi, na wakati huohuo inaukata ule uzi wa plastiki kuwa vipande vidogo vidogo vinavyosambaa kwenye pamba nyingi. Kuanzia hapo hakuna anayeweza kuvitoa vyote. Vinasokotwa pamoja na pamba, vinafumwa, na kitambaa kinapelekwa kwenye rangi. Hapo ndipo siri inapotoka, maana rangi ya pamba haishiki kwenye plastiki hiyo. Kitambaa kinatoka bluu nzuri kikiwa na madoa na michirizi myeupe.

Kwa shati, fundi anaweza kulikwepa doa, akalitupa pamoja na makapi. Kwa kochi ni vigumu. Mgongo wa kochi ni kipande kimoja kikubwa, mara nyingi cha rangi moja, na mgeni anakaa sebuleni akikitazama saa nzima. Ndiyo maana mnunuzi wa kitambaa cha makochi ni mkali kuliko wa kanga au fulana. Maua mengi yanaficha doa, rangi moja haifichi kitu.

Viwanda vingine vinaajiri watu wa kutafuta uchafu huo kwa mkono kabla ya kusokota. Gharama hiyo lazima ikatwe mahali fulani, nanyi mnajua ni mahali gani. Sehemu kubwa ya pamba yetu inauzwa nje ikiwa bado nyuzi, na mnunuzi wa huko akishaizoea kuwa na plastiki anapanga bei akiwa na wasiwasi huo kichwani. Bei hiyo inashuka hadi bandarini, hadi kwenye kiwanda cha kuchambua, hadi kwenye AMCOS yako. Jirani yako aliyechuma kwa uangalifu anaadhibiwa pamoja na wewe, kwa sababu pamba zenu zimechanganywa kwenye robota moja.

Wengine wanadhani kilimo hai kinamaliza suala hili. Meatu wamelima pamba hai kwa mkataba tangu mwaka 1994, na ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini kutotumia sumu za kiwandani hakuzuii plastiki. Unaweza kulima ekari mbili kwa samadi, bila tone la sumu, kisha ukaiharibu kazi hiyo jioni moja kwa kuimwaga kwenye salfeti. Kitambaa kikikataliwa, mvua iliyonyesha, mbolea, palizi na mgongo wako vimekwenda bure. Mimi nikisikia neno "endelevu" kwenye semina, nafikiria mita hizo zilizotupwa.

Sasa niseme jambo ambalo wanunuzi hawatalipenda. Kila msimu mkulima ndiye anayelaumiwa. Lakini ni nani anayeleta salfeti kijijini? Mara nyingi ni mnunuzi mwenyewe, anayezigawa bure ili pamba isiende kwa mwenzake. Na kwa utaratibu wetu pamba ina madaraja mawili, safi na fifi, kila moja na bei yake. Kwenye vituo nilivyopita, nimeona lundo lenye mchanga, majani na vipande vya salfeti likilipwa sawa na lundo jeupe lililochaguliwa, kwa kuwa foleni ni ndefu na karani anataka kumaliza. Mama mmoja aliyekaa siku mbili akitenganisha fifi na safi alipokea bei ileile ya kijana aliyenyunyizia maji pamba yake ili ipande uzito. Mwakani unadhani yule mama atachagua tena? Mahubiri ya bwana shamba hayawezi kushindana na mizani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: pamba iliyoletwa kwenye salfeti isipimwe kama daraja la kwanza, hata ikiwa nyeupe kama maziwa, na anayegawa salfeti azuiwe kununua. Nakubali salfeti ni rahisi kupata na mfuko wa kitambaa unagharimu. Lakini mfuko huo unaushona mara moja na kuutumia misimu kadhaa, na ukichakaa hauachi plastiki kwenye pamba.

Tumia marekani au shuka kuukuu, ila hakikisha ni la pamba kweli. Kata uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Wa pamba unaungua kama karatasi, unanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Wa polista unayeyuka na kuacha punje ngumu. (Wafanyabiashara wa vitambaa, jaribio hilo linawafaa hata ninyi, unapouziwa jora la kufunikia makochi kwa jina la pamba. Likiwa mchanganyiko utaona yote mawili, majivu na punje.) Shona mfuko kwa uzi wa pamba na ufunge mdomo wake kwa utepe wa kitambaa hichohicho. Kamba za manailoni zina kasoro ileile ya salfeti.

Nyumbani usianike juu ya mkeka wa plastiki wala turubai lililochanika. Tandika shuka la pamba. Kuku wasilale humo. Akina mama wenye rasta wafunge kitambaa kichwani wakati wa kuchuma, maana nyuzi za nywele hizo nazo ni plastiki, na zikinasa kwenye pamba hazitoki. Anza kuchuma umande ukishakauka. Beba mifuko miwili, wa safi na wa fifi, utenganishe palepale shambani. Kutenganisha nyumbani usiku kwa taa ni kazi mara mbili na hutaifanya vizuri.

Fundi wa makochi unayesoma hapa, na wewe una sehemu yako. Kitambaa cha pamba ukikigundisha kwa gundi na pini, mwenye kochi hawezi kukifua, na baada ya mwaka atakichukia na kurudi kwenye plastiki. Kwenye mito shona foronya zenye zipu. Fua kitambaa kabla ya kukata, kwa sababu pamba hurudi ikilowa.

Wanachama wa AMCOS, msisubiri siku ya kupima. Mkutano wa kabla ya msimu ndio mahali pa kuuliza: karani ataandika daraja kwenye stakabadhi, au ataandika kilo peke yake? Kama ni kilo peke yake, mkataeni hapohapo, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.