Mshahara wa Mtu Asiyekuwapo

Ndugu wasomaji, wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Juma hili tuzungumze juu ya daftari moja ambalo wengi hudhani ni la makarani peke yao. Nalo ni daftari la mishahara.

Labda utasema, "Mimi ni mkulima wa Mbozi, sina kampuni wala sina mtumishi." Ngoja kwanza. Je, wewe si mwanachama wa chama cha ushirika cha kahawa? Basi vibarua wa mtambo wa kumenya kahawa hulipwa kwa fedha ya nani? Ni fedha yako, maana hutoka katika kilo zako kabla hujapewa malipo. Na kijana wako aliyekwenda Tunduma kupakia na kupakua malori ya Zambia, jina lake limo katika daftari la mtu. Kwa hiyo habari hii inakuhusu mara mbili: wewe ni mlipaji, na mwanao ni mlipwaji.

Tazameni yaliyotokea serikalini. Mwezi wa Machi 2016, mkoa wetu wa Songwe ukiwa bado mchanga, umetoka tu kumegwa katika Mbeya, Rais John Magufuli aliwapa Wakuu wa Mikoa siku 15 wawatafute watumishi hewa. Watumishi hewa ni majina yanayopokea mshahara bila mtu kufanya kazi: huyu amekufa, huyu ameacha kazi, huyu hakuwapo tangu mwanzo. Shinyanga ikajibu kwamba huko hakuna hata mmoja. Watu wakatumwa kuhesabu upya, wakapatikana 45, na Mkuu wa Mkoa akaondolewa. Kufikia mwaka 2017 majina yaliyofutwa nchi nzima yalipita 19,000.

Majina hayo yaligunduliwaje? Kwa kulinganisha tu. Karatasi ya mshahara iliwekwa kando ya mtu mwenyewe, shuleni, zahanati na ofisini. Anayelipwa yuko wapi? Anafanya kazi gani? Nani anamsimamia?

Sasa turudi katika chama chetu. Tuseme mtambo una vibarua 12, kila mmoja hulipwa shilingi 8,000 kwa siku, lakini daftari lina majina 14. Majina mawili ya bure ni shilingi 16,000 kila siku. Msimu ukiwa wa siku 60, ni shilingi 960,000. Hapo chama kimeibiwa, wala hakuna mlango uliovunjwa. Kuyafuta majina hayo mawili kunapunguza gharama, na hakuna mfanyakazi hata mmoja anayepoteza chakula chake.

Hatua ya pili ni kuweka malipo kando ya kazi. Vibarua 12 wakimenya kilo 6,000 za kahawa mbivu kwa siku, malipo yao ni shilingi 16 kwa kila kilo. Kesho yake zikamenywa kilo 3,000 tu, na malipo yakawa shilingi 32 kwa kilo. Mwenyekiti mwenye haraka atasema, "Vibarua ni wavivu, wapunguzwe!" Lakini ulizeni kwanza. Huenda mafuta ya mashine yalikwisha saa tano. Huenda maji yalikauka. Huenda wakulima walichelewa kuleta kahawa, na vibarua wakakaa chini wakingoja. Gharama imepanda kweli, ila dawa yake ni kununua mafuta mapema, si kumfukuza mtu. Kwa sababu hiyo daftari jema lina safu nne: jina, malipo, kazi iliyofanyika, na sababu. Safu hiyo ya nne ndiyo husahauliwa, na ikisahauliwa mtu asiye na kosa huumia.

Tumeona pia hatari ya kusoma karatasi bila kumtazama mtu. Mwezi wa Aprili 2017 watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Hao walikuwa wamedanganya. Lakini wakati ule waliondolewa pia watumishi wenye elimu ya darasa la saba, na kati yao walikuwamo watu walioajiriwa kwa haki, zamani, kabla sharti la kidato cha nne halijaanza. Mwaka 2018 Serikali iliamua kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudishwe. Fikirini miezi ile kwa familia zao: ada ya shule, dawa, chumvi. Karatasi ikikosea hukosea kwa dakika moja, lakini nyumba hulipa kwa miezi mingi.

Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inamlinda mfanyakazi katika jambo hili. Mwajiri hawezi kukata mshahara apendavyo. Lazima sheria iruhusu au mfanyakazi akubali kwa maandishi. Akitaka kupunguza watu kwa ajili ya gharama, hana budi kutoa taarifa mapema, kueleza sababu, na kushauriana nao au chama chao. Anayepunguzwa baada ya kutumika mwaka mzima au zaidi hupata kiinua mgongo: mshahara wa siku saba kwa kila mwaka alioutimiza, mwisho miaka kumi. Na anayeambiwa kazi yake ni dhaifu, kwanza aelekezwe na apewe nafasi ya kujirekebisha. Akiachishwa bila haki, apeleke shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi hupoteza haki yao kwa sababu ya kukawia tu.

Tena, daftari si tangazo la kubandikwa ukutani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka habari za mtu zitumike kwa kazi iliyokusudiwa tu.

Basi akina baba na akina mama, katika mkutano mkuu ujao wa chama ulizeni kwa upole maneno matatu. Je, kila jina katika daftari lina mtu wake? Je, malipo yanalingana na kilo? Siku kilo zilipopungua, sababu iliandikwa? Na mwanenu aliye Tunduma mwambieni hivi: adai karatasi ya mshahara, aandike mwenyewe siku zake za kazi katika kijidaftari, tena asitie sahihi kwa fedha ambayo hakuipokea.

Mwajiri mwerevu hataona vibaya. Akiisha kufuta majina hewa na kuziba mianya, ataona kwamba anayo fedha ya kuwalipa vizuri wale wanaotoka jasho kweli.