Uhai wa Mgonjwa Usiwe Hisani

Tarehe 20 Januari 2025, siku ileile aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kabla mwezi haujaisha, kliniki kadhaa za VVU barani Afrika zilikuwa zimefunga milango, na waelimishaji rika waliolipwa kwa fedha hizo wameambiwa wakae nyumbani. Kibali cha kuendeleza huduma za kuokoa maisha kilitolewa siku chache baada ya amri hiyo. Lakini kibali kisicho na malipo hakiendeshi gari la dawa, na jijini Nairobi shehena za dawa zilibaki ghalani huku kliniki zikizihitaji.

Asiyeyajua maradhi haya huenda akaziona siku 90 kuwa chache. Mwenye VVU humeza kidonge kimoja kila siku, chenye dawa tatu kwa pamoja. Akikimeza bila kukosa, virusi hufubaa hata kipimo kisivione, wala hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Akikikosa, virusi huzaliana upya ndani ya wiki chache, na kwa mama mjamzito wiki hizo zinaweza kumgharimu mtoto aliye tumboni. Kwa sababu hiyo, aliyemwanzishia mtu tiba ya maisha hana tena uhuru wa mgawa peremende, leo atoe, kesho afunge mfuko. Ameshika dhamana. Kama anataka kuondoka, ana haki hiyo, ila atoe taarifa mapema na kumkabidhi mgonjwa kwa atakayemhudumia.

Haya hayasemwi kwa kuubeza PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa na Rais George W. Bush mwaka 2003. Serikali ya Marekani inakadiria kuwa umeokoa maisha ya watu zaidi ya milioni 25, na katika vijiji vingi wapo wazee walioacha kuzika vijana wao kwa sababu yake. Shukrani ni wajibu. Hata hivyo, namna ya kutoa nayo ina adabu zake. Mwishoni mwa 2021 Nigeria iliteketeza zaidi ya dozi milioni 1 za chanjo ya UVIKO-19 zilizokuwa zimekwisha muda. Wafadhili walizileta zikiwa zimebakiza wiki chache tu. Kumpa mhitaji kitu ambacho hatawahi kukitumia si kumsaidia.

Lawama kubwa zaidi, hata hivyo, iko nyumbani. Aprili 2001, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Miaka zaidi ya 20 imepita, na nchi nyingi hazijakaribia kiwango hicho. Magari ya viongozi hununuliwa kwa fedha za hazina, na dawa za mama mjamzito zikaachiwa mlipa kodi wa Marekani. Ni aibu, na yafaa isemwe waziwazi bungeni.

Wala haiwezi kusemwa kwamba njia haipo. Zimbabwe, pamoja na dhiki zake zote za uchumi, imekuwa ikitoza tangu 2000 nyongeza ya asilimia 3 juu ya kodi ya mapato kwa ajili ya UKIMWI. Nigeria iliongeza dola milioni 200 kwenye bajeti ya afya Februari 2025, wiki chache tu baada ya amri ile. Mwaka huohuo kidonge cha VVU kilichotengenezwa Kenya kilinunuliwa na Mfuko wa Dunia (Global Fund) na kupelekwa Msumbiji.

Bajeti za Afrika Mashariki husomwa Juni. Kabla ya siku hiyo, kila mbunge amsimamishe waziri wa afya na kumtaka jibu la tarakimu: dawa za kufubaza virusi zilizoko boharini zinatosha miezi mingapi, na zitakazofuata zitalipiwa kutoka fungu gani?