Kimbunga Freddy: Tahadhari ya Malawi ilikwamia wapi?

Freddy hakikuwa kimbunga cha kushtukiza. Kilianza karibu na Australia mapema Februari 2023, kikavuka Bahari ya Hindi yote huku satelaiti zikikifuatilia, na kikadumu siku 36, muda ambao Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeutambua kuwa rekodi. Hata hivyo, kilipofika kusini mwa Malawi Machi 12, kiliua watu 679, na zaidi ya 500 hawakuonekana tena.

Si kwamba serikali ilinyamaza. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imekwisha kutangaza siku kadhaa kabla kwamba mvua kubwa na mafuriko yangeikumba mikoa ya kusini. Lakini kilichoua watu wengi jijini Blantyre ni matope na mawe yaliyoporomoka usiku kutoka milimani, kama ilivyotokea Chilobwe, chini ya Mlima Soche. Mkazi anayesikia habari za "mvua kubwa" mwezi Machi, katikati ya masika yao, hajaambiwa jambo geni. Hajaambiwa kwamba mteremko ulio nyuma ya nyumba yake unaweza kuanguka, wala aende wapi.

Hapo ndipo teknolojia inapopaswa kupimwa. Upo mfumo unaowezesha minara ya simu kurusha tahadhari kwa kila simu iliyo katika eneo lake, bila kuhitaji namba ya mtu wala kukwama kwenye foleni ya ujumbe mfupi. Ni hatua kubwa, ingawa mnara usio na umeme haurushi chochote, na ujumbe usioeleweka hufika haraka ukiwa vilevile haueleweki.

Msumbiji, iliyopigwa na Freddy mara mbili na kupoteza watu zaidi ya 150, imekuwa ikitumia pia njia duni kwa sura: bendera za vijijini. Buluu humaanisha kimbunga kinaweza kufika ndani ya saa 24 hadi 48; njano, ndani ya saa 24; nyekundu, ndani ya saa sita. Ulinganisho huu usivutwe mno, kwani Blantyre ni jiji lililosongamana vilimani. Lakini bendera hueleza muda uliobaki, na haihitaji chaji.

Umoja wa Mataifa unataka kila mtu duniani afikiwe na tahadhari za mapema kufikia mwisho wa 2027. Kwa Blantyre, kazi iliyosalia ni ya halmashauri zaidi kuliko ya satelaiti: kuorodhesha miteremko hatari, mtaa kwa mtaa, na kutaja shule au kanisa litakalofunguliwa usiku huo.