Chombo cha Jikoni Kisinunuliwe kwa Karafuu Iliyo Mtini



Msimu wa karafuu ukikaribia, njia za mashamba hujaa wachuuzi. Zamani walikuja na kanga, mabeseni na mabirika. Siku hizi huja na vyombo vya umeme: blenda, birika la umeme, sufuria la wali, sufuria la presha, na vingine ambavyo hata majina yake hatujayazoea. Mwenye fedha huuziwa kwa fedha. Asiye nazo huambiwa achukue leo, alipe karafuu zikishachumwa. Kwa hilo la pili, baadhi ya wanachama wameomba Chama chetu kiwe mdhamini, na deni likatwe katika mauzo. Jambo hili litafika mkutanoni, nami kama Katibu wenu naona yafaa niseme rai yangu wazi kabla ya mkutano, kuliko kunong'ona baada yake.

Rai yangu ni hii: vyombo vya jikoni vinunuliwe, lakini visinunuliwe kwa karafuu iliyo mtini; na mwenye kuchagua awe ni yule anayepika.

Naandika haya nikiwa Itaka, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, nilikokuja kuwatembelea wakulima wa kahawa. Kahawa na karafuu ni ndugu wa hali moja. Fedha yake huja kwa msimu, na ikija huja kwa kishindo, lakini tumbo hudai kila siku. Tunduma, mji wa mpaka na Zambia, umo katika mkoa huu huu, na biashara yake haina uhaba wa vitu vya kumshawishi mwenye fedha mpya. Huko Kagera, kuuza kahawa ingali mtini kuna jina lake, huitwa butura, na serikali imepigana nako miaka mingi, kwa kuwa mkulima hupokea kidogo leo na kupoteza kingi kesho. Sisi wa visiwani hatuna haja ya kwenda Kagera kujifunza. Katika miaka ya 1930 wazee wetu wenye mikarafuu walizama katika madeni hata mwaka 1934 serikali ya wakati ule ikalazimika kutunga amri za kuzuia mashamba yasiwatoke mikononi. Deni lile halikuanza kwa vitu vikubwa. Lilianza kwa nguo, mchele na harusi, likakua. Blenda nayo ni kitu kidogo.

Lakini asije mtu akasema Katibu anataka bibi zetu na mama zetu wabaki na moshi. Sivyo. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Serikali ya Muungano ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi, ambao lengo lake ni kuwa ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Nasi tuna sababu yetu wenyewe. Jiko la kuni halichagui mti. Mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa, na tawi lililokatwa kuchemshia maharage ya wachumaji halirudi msimu ujao. Kwa hiyo kila fuko la kuni linalopungua jikoni ni faida shambani.

Basi tuchagueje? Naona maswali matatu yanatosha.

Swali la kwanza: ni kazi gani inayoumiza zaidi jikoni mwetu? Hili ajibu mpishi, si mume aliyetoka kuuza magunia. Mara nyingi mume hununua kile kilichong'ara dukani, na chombo kikaishia juu ya kabati kimefunikwa kitambaa. Ukimwuliza mpishi atakwambia kwamba maji ya machungwa hayamchoshi. Yanayomchosha ni maharage na choroko za kulisha wachumaji, jiko la saa tatu, macho yakimtoka machozi. Kwa nyumba ya namna hiyo, sufuria la presha linatangulia blenda. Mvuke ukizuiliwa ndani, joto hupanda kupita nyuzi 110, na maharage huiva kwa muda usiofika saa moja. Huku Itaka faida ni kubwa zaidi, maana nyanda za juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na maharage huwa mkaidi kweli kweli. Nyumba nyingine shida yake ni nazi. Hiyo itazame mashine ya kukunia kwanza. Kila nyumba na jiwe lake la figa.

Swali la pili: kinakula umeme kiasi gani? Wengi huogopa watt kubwa iliyoandikwa nyuma ya chombo. Watt peke yake haisemi kitu mpaka uizidishe kwa saa. Watt 1,000 kwa saa moja ndiyo uniti moja. Birika la umeme la watt 2,000 huonekana joka, lakini lita moja ya maji huchemka kwa dakika tatu au nne, na umetumia kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uniti. Jiko la sahani la watt 1,500 huonekana pole, lakini ukilipikia maharage saa tatu moto ukiwa juu, uniti nne na nusu zimekwenda. Sufuria la presha la umeme la watt 1,000 hujizima likishapata joto lake na kuwaka kidogo kidogo. Maharage yale yale yataiva kwa chini ya uniti moja. Anayenunua umeme wa TUKUZA na aipige hesabu hiyo kabla ya kulipa dukani, si baada ya taa kuzimika.

Swali la tatu: kitadumu, na kikiharibika nani atakitengeneza? Vyombo vingi madukani kwetu vimekwisha tumika nchi za nje. Umeme wetu ni volti 230. Chombo kilichotengenezwa kutumika Japani ni cha volti 100, na cha Marekani ni cha volti 120; ukikichomeka hivi hivi ukutani, umenunua moshi. Soma kibati cha nyuma. Uliza kama mpira wa mfuniko na visu vya akiba vinapatikana, kwani sufuria la presha lenye mpira uliokatika ni sufuria tu. Tena kwa sisi watu wa karafuu kuna jambo jingine: usisage karafuu katika kikombe cha plastiki cha blenda. Mafuta yake hula plastiki, ikafanya ukungu na kupasuka, na harufu haitoki. Tumia kinu, au chombo cha chuma au cha kioo.

Hata ukishapata vyote hivyo, usitupe seredani wala kinu. Wa Unguja wanakumbuka mwaka 2008, umeme ulipokatika kiasi cha mwezi mmoja, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu mizima. Waliouza vyombo vyao vya zamani walikwenda kuviazima kwa jirani.

Sasa kuhusu Chama. Wanaotaka tudhamini wanasema mnyonge hana njia nyingine ya kupata chombo cha maana. Hoja yao si ya kupuuzwa. Lakini mchuuzi anayekopesha huweka bei ya hatari yake ndani ya bei ya chombo, na mvua ikikosekana mkarafuu haulipi deni la mtu. Chama kikidhamini, khasara ya mmoja itakuwa khasara yetu sote. Mimi napendekeza njia tatu. Kwanza, kila tawi liweke kibubu cha jikoni, wanachama wachange kidogo kidogo kila mwezi, tangu msimu unapokwisha. Pili, tununue kwa jumla, kwa fedha taslimu, kwa duka litakaloandika dhamana kwenye karatasi. Tatu, kabla ya kununua, chombo kimoja kipikiwe mbele ya watu tawini, mita isomwe kabla na baada, na wapishi ndio watoe hukumu.

Mwenye rai nyingine na aje nayo mkutanoni. Mabibi khasa nawaomba mje kwa wingi, kwani jiko linalozungumzwa ni lenu, na haifai lizungumzwe na watu wasiojua chumvi imewekwa wapi.

Wa salaam,
Katibu wa Chama